Pembe ya Kaskazini-Mashariki

Nianze na ulimi, maana uchafu wote ulianzia hapo.

Siku zile picha za mbinguni tulizipiga kwenye mabamba ya kioo. Upande mmoja wa bamba ulipakwa dawa inayoshika mwanga, upande wa pili ulikuwa kioo kitupu. Chumba cha kupakia kilikuwa giza totoro, kwa sababu mwanga kidogo tu ungeiunguza dawa. Sasa gizani humo utajuaje upande upi ndio wenye dawa? Unalamba. Unagusisha ncha ya ulimi pembeni mwa bamba, ukingoni kabisa. Upande wa dawa hunata, upande wa kioo huteleza. Wanafalaki wote wa mlimani kwetu, palipokuwa na darubini, walifanya hivyo, wenye shahada tatu na wasio na hata moja. Nilipoajiriwa kituoni La Serena, huku Chile, na kusikia watu wazima wakisimulia habari hiyo huku wanakunywa chai, nilidhani wananitania.

Mimi sikuwahi kulamba bamba hata moja. Kazi yangu ilikuwa mjini, mchana, kwenye chumba cha kupimia: meza ya taa, kioo cha kukuzia, rula na daftari. Mabamba yalishuka kutoka mlimani kila Alhamisi kwa lori, yamefungwa kwa blanketi kama mayai, na mimi nilipima kilichonaswa. Nilifanya kazi hiyo miaka kumi na sita. Naijua harufu ya dawa ile kuliko ninavyoyajua manukato ya marehemu mume wangu.

Mwaka wa sabini na tisa tulikuwa tunakamilisha orodha ya galaksi za anga la kusini. Galaksi mia tatu, na kila moja na mstari wake: aina, kasi, umbali, ukubwa, mng'ao, kisha sahihi ya mpimaji. Jina langu lingechapishwa kwenye jalada, chini ya jina la mkurugenzi, kwa herufi ndogo. Sikatai, nililitamani.

Mkurugenzi alikuwa Don Evaristo Larrondo. Nitamweleza kama alivyokuwa. Alikuwa mtu wa kulowesha kila kitu. Alilowesha kidole kwa mate kila alipofunua ukurasa, mpaka vitabu vya maktaba vikavimba pembeni na kunuka. Alichokonoa meno kwa kadi za mabamba, kisha akazirudisha sandukuni. Alikula empanada, sambusa zetu za jibini, juu ya meza yangu ya taa, mafuta yakidondoka, na nikifuta alisema, "Aa, Ermelinda, unafuta kama mtu aliyefiwa." Watu walicheka, nami nilicheka nao, kisha nikaenda kuosha mikono.

Lakini alikuwa na umaarufu wake, na umaarufu wenyewe ulikuwa mkono. Miaka kumi na mitano nyuma, kwenye bamba alilopiga mwenyewe akitafuta vitu vingine kabisa, aliona galaksi ndogo iliyoangukia pembeni, ile tuliyoipa namba 217. Kutoka ubavuni mwake ulitoka mkono mmoja wa nyota, mrefu, uliopinda. Galaksi zenye mikono huwa nayo miwili au zaidi. Huu mmoja uliwashangaza watu. Picha yake ilitiwa kwenye kalenda za shule. Siku aliyotimiza miaka sitini walimwokea keki yenye mkono wa karameli, akaula wote peke yake. Bamba lenyewe alilifungia kabatini mwake, na hakuna mtu aliyeliona tena. Wote walitazama picha iliyochapwa kutoka kwake.

Sasa zamu ya 217 ikafika kwenye orodha yangu. Mwezi mmoja kabla nilikuwa nimemwomba Rosamel Tabilo aipige upya kwa darubini mpya, mara tatu. Rosamel alikuwa msaidizi wa darubini, mtoto wa wafuga mbuzi wa bonde la Elqui, mwenye mapengo mawili mbele na mikono isiyotetemeka. Alimsimamia mwanangu wa kwanza ubatizo, na kwetu hilo ni undugu kamili: yeye kwangu kompadre, mimi kwake komadre. Zilibaki wiki tatu astaafu. Alikuwa amekaa mlimani miaka thelathini na moja, na alichotaka ni kimoja tu, ashuke na jina safi, apigiwe makofi siku ya kuagwa, basi.

Mabamba yake matatu yalikuwa safi, na hakuna hata moja lililokuwa na mkono.

Nilipima mara mbili, mara tatu. 217 ilikuwa galaksi ya umbo la dengu: kitovu kinene chenye kung'aa katikati, sahani nyembamba laini kukizunguka, na mwisho. Kama ile dengu ambayo kwetu kila mtu hula kijiko kimoja kuukaribisha mwaka mpya. Gesi karibu hakuna. Vumbi karibu hakuna. Nyota zake zote nzee, za rangi ya manjano iliyoelekea wekundu, wala hakuna mpya inayozaliwa, kwa maana hakuna cha kuzizalia. Inatukimbia kilomita elfu nne na mia tisa kila sekunde, na kwa hesabu tuliyotumia siku hizo, hiyo ni miaka milioni mia mbili na kumi ya nuru kutoka hapa. Upana wake ni karibu miaka elfu tisini ya nuru. Ni galaksi tulivu, imemaliza mambo yake. Niliipenda. Haikuwa na haja ya mkono wa mtu yeyote.

Alhamisi asubuhi nikamwomba Don Evaristo funguo, nikatoa bamba la zamani kabatini, nikaliweka juu ya taa. Kwenye bamba kila kitu hugeuzwa, anga ni jeupe na nyota ni nyeusi. Galaksi ilikuwepo kule pembeni, na mkono wake wa kijivu umeizunguka. Nikainamisha kioo cha kukuzia.

Mkono ule haukuwa nyota. Kando yake dawa ilikuwa imevimba, ina viputo vidogo vidogo vilivyokauka, na mstari wa nje ulikuwa na mikunjo ile ile ya mdomo wa mtu. Katikati ya viputo paliganda punje nyekundu. Nikaigusa kwa sindano. Ilikuwa ganda la pilipili.

Mate! Miaka kumi na mitano dunia nzima ilikuwa imestaajabia mate yaliyokauka ya mtu aliyekula pilipili. Watoto wameyapaka rangi shuleni. Nami niliwahi kula kipande cha keki ile, upande usio na mkono, lakini nilikula.

Nikaenda kumwambia. Alikuwa ofisini anakula zeituni, kokwa akizitemea kwenye kisahani cha kikombe.

"Don Evaristo, ule mkono si mkono. Ni mtu alilamba bamba akapitiliza. Mate yamechafua dawa."

Alitafuna. Alitema kokwa. "Mate ya nani?"

"Sijui. Ya aliyepakia."

"Aliyepakia alikuwa Rosamel. Nani mwingine?" Alisema hivyo papo hapo, bila hata kufikiri, na huo ndio uchafu unaonikera hadi leo. Hakuwa anadanganya. Aliamini. Kichwani mwake mate yalikuwa ni lazima yawe ya mtu wa chini. "Sikiliza, Ermelinda. Kesho wageni wa tume wanatoka Santiago kupokea orodha. Una njia mbili. Unaandika mkono upo, kama vitabu vyote vinavyosema, na mambo yanaisha. Au unaandika haupo, nami nitalazimika kueleza kwamba yule bwana wa mbuzi aliitemea sayansi ya Chile, na ataondoka mlimani kesho hiyo hiyo, bila sherehe, bila barua. Utakuwa umemfanyia hivyo wewe."

"Lakini Don, ukweli..."

"Ukweli una miaka milioni mia mbili, mwanangu. Unaweza kusubiri." Akalowesha kidole, akafunua faili, akanisukumia karatasi. Alama ya kidole chake ilikuwa bado mbichi pembeni mwa ukurasa.

Nilitia sahihi. Aina: yenye mkono mmoja. Umethibitishwa. E. Pizarro. Nilijiambia nafanya hivyo kwa ajili ya kompadre wangu. Na nitasema yote, maana nimeanza: wakati natia sahihi nilikiona kinywa cha Rosamel na yale mapengo yake, nikakiona kinalamba bamba gizani, na nikasikia kinyaa.

Lori lilishuka saa tisa mchana. Rosamel aliingia chumbani kwangu na vumbi la njia nzima kwenye kofia, akashusha mabamba, akaketi kunywa chai. Nilimmiminia, kisha nikamweleza kila kitu kwa mbio, nikidhani atanishukuru.

Aliniacha nimalize. "Pembe gani?" akauliza.

"Pembe gani nini?"

"Hayo mate, komadre. Yako pembe gani ya bamba?"

"Kaskazini-mashariki. Kwa nini?"

Aliweka kikombe chini. "Nyie wa mjini hamjui, eh? Kule juu kila mpakiaji ana pembe yake. Ukishalamba, unaliingiza bamba kwenye fremu, ile pembe uliyolamba inakaa mahali pako. Likichafuka, anajulikana nani kalichafua. Mimi yangu kusini-magharibi, tangu siku ya kwanza. Na kabla ya kupakia sili kitu, nasukutua kwa maji matupu, hata mate nameza. Kaskazini-mashariki ni yake yeye. Sheria aliitunga mwenyewe, baada ya kugombana na Mjerumani mmoja. Anaisimulia kila akinywa."

"Ee Mungu wangu," nikasema. "Basi ni yeye."

"Nani mwingine? Usiku ule alikuja na chungu cha pilipili na nyanya za kuponda, akala mpaka akachovya na mkono wa koti. Mimi nilikuwa nashughulika na kuba la darubini limegoma kufunguka. Alipakia mwenyewe." Akacheka kidogo, bila furaha. Kisha akanitazama. "Na wewe ukaamini ni yangu?"

"Kompadre, sikujua niamini nini. Nilitaka tu usifukuzwe."

"Sikukuuliza ulitaka nini."

Akavaa kofia. "Kesho nitashuka na suti," akasema, na chai hakuimaliza.

Nilikimbilia ofisini nikaichukue tena karatasi yangu. Mlango umefungwa, Don Evaristo alikwenda kuwapokea wageni, na karani akaniambia orodha ameichukua ndani ya mkoba. Ningeweza kumfuata hotelini. Hoteli iko umbali wa mitaa minne. Nilisimama ukumbini nikijipangia maneno, kisha nikaenda nyumbani kuwapikia watoto maharage. Nilijiambia labda hakuna atakayefungua ukurasa huo.

Ijumaa saa tano walikuwepo wageni watatu. Mkuu wao alikuwa Dokta Aldunate, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba, asiyecheka ovyo. Don Evaristo alikuwa amejipaka mafuta kichwani, na kwenye sharubu alikuwa na chembe ya yai la asubuhi iliyopanda na kushuka alipoongea. Nilishindwa kuacha kuitazama. Rosamel alisimama ukutani, suti ya rangi ya kahawa, viatu vimeng'arishwa.

Baada ya hotuba, Rosamel akainua mkono, mpole kama mwanafunzi. "Don Evaristo, wageni hawajasikia ile habari ya pembe. Wasimulie basi, maana unaisimulia vizuri."

Don Evaristo akachangamka mara moja. Hakuna kitu alichokipenda kama wasikilizaji. Akasimulia ulimi, akasimulia giza, akamwigiza Mjerumani akikasirika. "Nikawaambia, mabwana, kila mbwa na nguzo yake! Wewe hapa, wewe pale, na ya kwangu mimi ni kaskazini-mashariki, kwa sababu huko ndiko jua linakotokea!" Wageni wawili wakacheka sana. Dokta Aldunate akatabasamu kidogo.

"Na bamba la mkono lenyewe?" Rosamel akasema. "Itakuwa vizuri waione picha halisi. Miaka yote hii tumeiona kwenye kalenda tu."

"Tafadhali," akasema Dokta Aldunate. "Mimi nilikuja kwa ajili ya hilo."

Ilinibidi nilete mimi. Nililiweka juu ya taa, kaskazini juu, mashariki kushoto, kama tunavyoyaweka yote. Galaksi ilikuwa pale kwenye pembe yake ya juu kushoto, na mkono wake. Dokta Aldunate akavaa miwani, akainama na kioo cha kukuzia. Alikaa hivyo muda mrefu. Aliponyanyuka, alikuwa amekunja pua.

"Kuna alama ya mdomo hapa," akasema. "Ni pembe gani hii, Dokta Larrondo?"

Nilimwona akielewa. Ilianzia shingoni, wekundu ukapanda mpaka kwenye mafuta ya nywele. Alimtazama Rosamel, akaniangalia mimi, akatazama bamba.

"Ni uchafu tu," akasema. "Vumbi. Hawa huku hawafuti vizuri."

Kisha akafanya kile ambacho mwili wake ulikuwa umezoea kufanya tangu azaliwe. Akalowesha kidole gumba kwa ulimi, akakibandika kwenye bamba na kusugua. Mtu mmoja akapiga kelele, nadhani ni mimi. Dawa ikilowa hulainika. Ilijikunja chini ya kidole chake kama ngozi ya maziwa, na akaendelea kusugua, kwa ukucha sasa. Alipoinua mkono, ule mkono wa galaksi haukuwepo, na galaksi yenyewe haikuwepo. Pembe ilibaki kioo kitupu na ute. Mwanga uliosafiri miaka milioni mia mbili na kumi, ukapenya kila kitu kilichokuwa njiani, uliishia kwenye kidole gumba cha Don Evaristo, naye akakipangusa kwenye suruali.

Hakuna aliyecheka. Mgeni mmoja alikwenda kufungua dirisha.

"Tunayo mabamba mapya ya galaksi hiyo," Rosamel akasema kwa sauti ya kawaida. "Matatu. Niliyapiga mwezi uliopita. Komadre ameyapima, haina mkono."

Dokta Aldunate akageuka kwangu kwa mara ya kwanza. "Umeyapima wewe?"

"Ndiyo, Dokta."

"Na haina mkono?"

"Haina. Ni ya umbo la dengu."

Akafungua orodha. Alifunua kurasa kwa ncha ya kalamu, hakutaka kuzigusa, na sikumlaumu. Akafika kwenye 217. Akaisoma kwa sauti: "Yenye mkono mmoja. Umethibitishwa." Akageuza karatasi nione. "Mate ya nani tumeshajua. Hii sahihi je, ni ya nani?"

Chumba kizima kilinitazama, lakini mimi nilimwona Rosamel peke yake. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa amekunja pua vile vile, kama Dokta Aldunate alivyoikunja juu ya bamba.

"Ni yangu," nikasema.

Don Evaristo alistaafishwa kimyakimya, kwa sababu za kiafya, walisema. Orodha ilitoka mwaka uliofuata. 217 imo humo, umbo la dengu, kasi yake, umbali wake, upana wake, namba zote ni zangu hadi ya mwisho. Jina langu halimo, na halikustahili kuwemo.

Sherehe ya Rosamel ilifanyika, tena kubwa. Walichinja mbuzi, wakampa saa ya ukutani, akapigiwa makofi mpaka akaficha uso kwa kofia. Mimi nilipiga kuliko wote. Mwishoni alizunguka meza akiaga mtu mmoja mmoja, akiwakumbatia, akiwapiga migongoni. Alipofika kwangu nilisimama, nikafungua mikono.

Alininyooshea mkono wake mmoja, mkavu, safi.

"Asante kwa yote, Bi. Pizarro," akasema, akapita kwenda kwa mwenzangu aliyefuata.